Shuka la Tano

Augeni Mlowe aliingia karakana ya Sekunda Luvanda kwa mwendo wa marehemu baba yake mdogo. Sekunda alikuwa ameinamia goti la kiunzi cha kutembelea cha mteja mwingine na hakumwona aliyeingia, ila alizisikia hatua: mguu wa kulia unatua kwa kishindo, wa kushoto unafuata taratibu na kujizungusha nje kidogo kabla ya kukanyaga, kama wa mtu anayepita mbele ya wakwe akiwa na viatu vipya. Njombe nzima alikuwepo mmoja tu wa kutembea hivyo. Alikuwa Batromeo Mlowe, Batromeo Maringo kama watu walivyomwita, na huyo alikuwa kaburini tangu msimu wa viazi uliopita.

"Kamwene, fundi," alisema Augeni.

"Kamwene. Umenishtua. Nimedhani mzee amerudi kuulizia pombe yake ya ulanzi."

Augeni hakucheka. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa kifua, kazi yake kupogoa miparachichi, na siku nyingine mzaha haukumpita hivihivi. Leo alikuwa na plasta kwenye paji la uso na mkono mmoja ameuning'iniza kwenye kitambaa. Aliketi kwenye benchi, akafungua mikanda ya kiunzi mmoja mmoja, na vyuma vikalegea juu ya miguu yake miembamba.

"Nimeanguka mteremko wa mtoni," alisema. "Si mara ya kwanza. Ila juzi nilikuwa na mtoto mgongoni."

"Mtoto yuko salama?"

"Yuko salama. Aliniangukia juu, akadhani ni mchezo, sasa anataka turudie. Lakini dada Sekunda, kule chini kuna mawe. Ningelalia upande wa pili, leo nisingekuja hapa. Ningekuwa nachimba kaburi."

Sekunda alivuta kigoda akaketi mbele yake. Katika ukoo wa akina Mlowe ganzi ya miguu haikosi mtu kila kizazi. Huanzia vidoleni ikapanda hadi mapajani. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alikalishwa uani aote jua mpaka siku zake ziishe. Tangu vije viunzi, mtu anavaa vyuma, vyuma vinajifunza mwili wake, na baada ya muda si mrefu anapanda vilima na kuwasema wanaochelewa nyuma.

"Kinakuangusha wakati gani?"

"Asubuhi. Jioni hakina neno. Jioni natembea mimi mwenyewe, hatua zangu fupi fupi, unanijua. Nikilala nakizima. Asubuhi nikikiwasha nakuta ni yeye: hatua ndefu, mguu wa kushoto haukanyagi sawasawa. Kwenye njia panda ya kilabuni kinataka kukata kona, nakivuta kama mbuzi. Mchana kinaanza kunisikiliza. Jioni tumeelewana. Kesho yake, yaleyale."

"Tangu lini?"

"Tangu siku tulipofunga nyayo."

"Basi kitasema chenyewe," alisema Sekunda, akachukua waya.

Kuna mafundi mjini wenye dawa moja kwa kila ugonjwa: futa vyote, anza upya. Sekunda aliwaita wachimba makaburi, na aliwaita hivyo mbele yao. Yeye aliamini kwamba mashine haina uchawi. Kila inachofanya ina sababu ya kukifanya, na fundi asiyeijua sababu hana ruhusa ya kufuta kitu cha mtu.

*

Alianza na betri, kwa kuwa kiunzi kinachosahau mara nyingi kimekatikiwa umeme kikiwa katikati ya kuandika. Betri ilikuwa nzima. Akatazama nafasi, kwa kuwa kiunzi kilichojaa hakiandiki kitu kipya. Nafasi ilikuwa tele. Hapo ndipo wachimba makaburi wangeshika koleo. Sekunda akajiuliza swali dogo: kama nafasi ipo, na jana jioni Augeni alitembea kwa hatua zake, hatua hizo ziliandikwa wapi?

"Unajua kiunzi kinavyokumbuka?" alimuuliza.

"Najua kinakumbuka."

"Fikiria kitanda. Godoro ni la kiwanda. Halikatwi, halifuliwi, hakuna anayeligusa. Ndilo linalojua kusimama na kutoanguka. Wewe ukivaa, unatandikiwa shuka juu yake. Kila unachokifundisha kinaandikwa kwenye shuka lako, godoro halina habari. Kiunzi kikitaka kupiga hatua, kinatazama kutoka juu. Shuka lina neno, kinafuata shuka. Lina tundu, kinafuata kinachoonekana chini yake."

"Na baba mdogo?"

"Ni shuka lililo chini ya lako. Chini yake shangazi yako Lediana. Chini ya shangazi, babu Sigfridi. Ndivyo mlivyotaka wenyewe."

Ndivyo walivyotaka, na si wao peke yao. Nyanda zote zile, siku ya kuondoa matanga, kiunzi cha marehemu hulazwa juu ya mkeka uani, na fundi hulifunga shuka lake lisiandikike tena; huko ndiko kufunga nyayo. Kisha mrithi hutandikiwa lake juu, watu wakaimba, wakala. Kulifuta shuka la marehemu ni sawa na kumfungia mlango wa nyumba yake. Waliounda viunzi, huko waliko, hawakuwaza jambo hilo hata siku moja. Walidhani mtu akifa vyuma vyake vitarudishwa dukani na kusafishwa. Hawakujua wanamuuzia nani.

Sekunda alikiamuru kiunzi kiamke polepole, kikitaja kila hatua ya kuamka kwake. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Godoro, sawa. Sigfridi, sawa. Lediana, sawa. Batromeo, sawa. Mstari wa Augeni ukatoka mwekundu: *matabaka yamezidi, linatandikwa la muda.* Halafu taa ya pajani ikawaka kijani kibichi, kana kwamba mambo ni shwari.

Sekunda alicheka kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi wa kuku na manyoya mdomoni.

"Kiunzi hiki ni cha zamani. Kinabeba matabaka manne, hakiongezi hata moja. La tano halina pa kulala. Lakini waliokiunda waliona heri mtu atembee bila kumbukumbu kuliko agande katikati ya mteremko, kwa hiyo kinakutandikia shuka la hewani. Linadumu mradi umeme upo. Ukizima, linapeperuka na mambo yako yote."

"Lakini tulihesabu!" Augeni aliinuka nusu, akakumbuka hajavaa vyuma, akakaa. "Baba mkubwa alihesabu mbele ya watu wote. Babu, shangazi, baba mdogo, mimi. Wanne."

"Na godoro?"

"Godoro ni la kiwanda."

"Ni tabaka, Augeni."

Katika ukoo mzima, na mafundi wengine wawili waliowahi kuzifunga nyayo hizo, hakuna aliyekihesabu kiwanda. Nani angekihesabu? Kiwanda hakina matanga, hakijawahi kulilia mtu wala kuliliwa. Wote wawili wakacheka, Augeni akishika mkono wake unaouma.

"Sasa?" aliuliza alipopumua.

"Nakunja la babu na la shangazi yawe moja. Shangazi alipomfunika babu, ya babu yatapotea kabisa, lakini hayo hakuna aliyeyaona tangu shangazi avae. La baba mdogo siligusi. Lako litapata nafasi. Kazi ndogo."

"Baba mkubwa atakubali. Aliyehesabu vibaya hana pa kusimama."

"Simsemi baba mkubwa. Mwaka haujaisha. Nahitaji neno la mjane."

Furaha ilimtoka Augeni usoni palepale. Sheria ya nyayo ilijulikana kwa kila mtu: mwaka wa kwanza, kiunzi hakifunguliwi bila neno la mjane, hata kwa kukazwa skrubu.

"Mama mdogo hatakubali," alisema. "Kila asubuhi anakaa barazani nikipita. Ananisalimia, ndiyo, lakini anatazama miguu. Nikishapita anaingia ndani. Fundi, hanitazami mimi. Anamtazama yeye."

*

Kabla ya kwenda kwa mjane, Sekunda alitaka kujua kwa nini mteremko wa mtoni tu. Mwendo mrefu wa mtu mwingine humchosha mrithi, haumbwagi mahali palepale kila mara. Basi, Augeni alipojikongoja kwa fimbo hadi mlangoni kununua mahindi ya kuchoma, alilitazama shuka la Batromeo bila kulifungua, kwa jicho la msomaji tu, kama kanuni inavyoruhusu.

Akakuta mambo mawili yasiyofanana. Nyumbani, sokoni, uwanja wa kanisa, hapo karakana kwake, Batromeo alitembea kwa maringo yale yaliyompa jina. Lakini akishavuka kona ya mwisho ya kijiji, penye misonobari, pasipo na mtu, mwendo ulibadilika. Uzito wote ulihamia kulia. Mguu wa kushoto uligusa ardhi na kuondoka haraka kama unaokanyaga kaa la moto. Mteremkoni alisimama, akashuka, akasimama tena. Akirudi, karibu na kona ileile, maringo yalirudi.

Sekunda alikuwa amevalisha watu viunzi tangu ujana wake, na hakuhitaji daktari wa kumwambia. Nyonga ya kushoto ya yule mzee ilikuwa imeoza kwa maumivu, kwa miaka. Ganzi iliishia mapajani. Nyonga ilibaki na hisia zake zote. Maringo yalikuwa njia ya kuuzungusha mguu bila kuukunja, akaipamba mbele za watu ili wamcheke badala ya kumhurumia. Na sasa Augeni mwenye nyonga nzima alikuwa anakwepa maumivu yasiyo yake, kwenye mteremko wenye mawe, na mtoto mgongoni.

Sasa Sekunda alikuwa na neno moja la kumaliza ubishi wote. Angelitamka mbele ya mjane, na mjane angelia, na kiunzi kingefunguliwa jioni hiyohiyo. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mafundi wa viunzi wana msemo wao: mguu hausemwi. Siri ya mguu ni ya mwenye mguu, akiwa hai na akiwa udongoni. Batromeo alikuja karakana ile mara ngapi, akaketi kwenye benchi lilelile, akapiga soga, na hakusema. Kama hakumwambia fundi wake, hakutaka ijulikane.

Ilikuwepo njia nyingine, nyepesi kuliko zote: akunje mashuka leo, aseme amesafisha vumbi. Mjane asingejua ila baada ya wiki kadhaa, akidhani kijana amezoea tu. Sekunda aliitazama njia hiyo muda wa kufunga sanduku la zana, akaiacha mezani.

*

Onolina, mjane wa Batromeo, alikuwa barazani akimenya viazi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa.

"Shikamoo, mama," alisema Sekunda.

"Marahaba. Karibuni. Umekuja na fundi, Augeni, kwa hiyo mmekuja kuniomba kitu."

Sekunda alimweleza yote juu ya godoro na mashuka, na alipofika kwenye hesabu ya baba mkubwa, Onolina aliguna. "Yule tangu shule ni hivyo," alisema. Kisha akaweka kisu chini.

"Ukikitengeneza, asubuhi atapita nani?"

"Atapita Augeni."

"Augeni namwona jioni."

Augeni alitazama vidole vyake.

"Na yeye atakuwa wapi?" aliuliza Onolina.

Sekunda angeweza kusema yupo chini, hajaondoka, hakuna aliyemgusa. Kila neno lingekuwa kweli, na jumla yake ingekuwa uongo.

"Atakuwa chini ya shuka la Augeni, mama. Hutamwona. Mahali ambapo Augeni hajawahi kukanyaga patakuwa na tundu, hapo ataonekana kidogo. Kadiri siku zinavyokwenda, matundu yataziba."

"Angalau wewe husemi uongo," alisema Onolina. "Basi kiacheni mpaka mwaka uishe. Augeni asipite mtoni asubuhi. Azungukie juu."

"Mama mdogo," alisema Augeni taratibu, "mashamba yote yako ng'ambo. Na juzi nilikuwa na mtoto."

"Mkono huo nimeufunga mimi. Unadhani sikuuona?" Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, kwa hasira. "Miaka arobaini mtu anapita mbele yako. Halafu hapiti tena. Halafu asubuhi moja anapita! Mnataka nifanyeje, nifumbe macho? Mimi si mkatili. Nimekosa tu pa kumweka."

Onolina alivitazama vyuma mapajani mwa Augeni, halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Nivalishe."

"Mama?"

"Nimemtazama maisha yangu yote. Sijawahi kuwa ndani. Mnataka nimuage, basi nivalishe nitembee naye. Baada ya hapo nitatoa neno langu, la ndiyo au la hapana, na hakuna atakayenibishia."

Hapo ndipo Sekunda alipobanwa. Kumvalisha si kusema. Lakini alijua kilichokuwa kikimngoja mama huyu nyuma ya ile kona, na mtu anayemfungulia mwenzake mlango huku akijua kilichomo ndani hawezi kujifanya hakufanya kitu. Kwa upande mwingine, mjane ana haki ya nyayo za mumewe kuliko fundi, kuliko ukoo. Aliamua, na alipoamua hakutetereka.

"Nitakuvalisha. Ila nikuambie kabla. Kiunzi hakijui kuficha. Unaweza kukutana humo na jambo ambalo mwenyewe hakukupa."

"Jambo gani?"

"La kwake. Mimi sina ruhusa ya kulisema."

Onolina alimkazia macho. "Ni mwanamke?"

Augeni akakohoa.

"Si mwanamke, mama."

"Basi funga hiyo mikanda."

*

Walipunguza nguvu za magoti, wakarefusha vyuma, wakakizima kiunzi na kukiwasha upya, na Sekunda akamshika kiunoni kwa hatua za kwanza. Onolina alikuwa na urefu wa mumewe karibu sawa. Kiunzi kikamwinua, kikamtoa barazani kwa kishindo cha kulia na mzunguko wa kushoto, na alipofika katikati ya ua alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Nendeni mkamwite jirani aone! Naringa! Jamani, naringa mimi!"

Alizunguka ua, akapita mbele ya jiko, akapita mbele ya kaburi lenyewe lililokuwa nyuma ya migomba, akaliambia, "Umeniona?" Augeni alitazama kando. Sekunda alijua kwamba hapo angeweza kusema inatosha, mama, utachoka. Onolina angevua akiwa na furaha, na pengine angetoa neno lake hukohuko kwenye furaha. Wala pasingekuwa na lawama.

"Twende mpaka mtoni," alisema Onolina. "Nataka niende alikokuwa akienda."

"Twende," alisema Sekunda.

Walipita nyumba ya mwisho, Onolina mbele akiwapungia watu waliotoka kushangaa, Augeni nyuma akijikongoja kwa fimbo yake. Walipovuka kona penye misonobari, maringo yakakatika. Mwili wake ukainamia kulia ghafla. Mguu wa kushoto ukagusa na kuruka, ukagusa na kuruka. Alijaribu kuusimamisha imara, kiunzi kikamkatalia.

"Kimeharibika?"

Sekunda alimshika kiunoni. Onolina alipiga hatua nyingine, na nyingine. Alikuwa amemuuguza mama mkwe wake aliyevunjika nyonga, akimtembeza uani kila siku kwa kumkumbatia, na mwili wake uliujua mwendo ule kabla akili haijaufikia. Penye mteremko kiunzi kilisimama chenyewe. Kikashuka kidogo. Kikasimama tena.

"Alikuwa anapumzika hapa," alisema, kwa sauti ndogo. "Alikuwa anaumwa."

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka mtoni. Aliusikiliza mguu kama mtu anayesikiliza habari mbaya hadi mwisho, bila kuikatiza.

"Nilikuwa namsema," alisema. "Jumapili tunakwenda kanisani kwa miguu, vilima vitatu, kwa sababu mimi sipendi pikipiki. Ananiringia njia nzima, na mimi nacheka, namwambia mzee mzima huna aibu. Njia nzima, fundi? Hata Jumapili?"

"Mama, mimi..."

"Usiseme. Nimesikia." Alishika mti wa msonobari kwa mikono miwili. Alilia pale, kwa sauti, kama ambavyo hakulia msibani, na Augeni aliyekuwa ameegemea fimbo nyuma yao alilia pia. Sekunda alisimama akiwa amemshika mama kiunoni. Moyo ulimuuma, lakini haukumsuta.

Onolina alipotulia, alimgeukia Augeni kwanza.

"Na hiki ndicho kinachokuangusha wewe?"

"Sikujua ni nini, mama mdogo. Nilidhani ni maringo yake tu."

"Wote tulidhani." Akamgeukia Sekunda. "Ulisema patabaki matundu. Hili nalo litatokea kwenye tundu?"

"Litatokea. Kwenye mteremko mpya, kwenye tope, mahali popote ambapo Augeni bado hajafundisha."

"Lifute."

"Shuka lililofungwa halifutwi, mama. Ila naweza kuweka kiraka kwenye shuka la Augeni, juu ya mahali hapo hasa. Kiraka kinakiambia kiunzi, hapa chini hakuna kitu. Kitu kipo, lakini hakitaonekana tena na yeyote."

Onolina alifikiri, akitazama mto.

"Yeye alificha akiwa hai," alisema. "Nasi tumfichie. Weka kiraka. Kunja mashuka yako, fundi. Neno langu ni hilo."

*

Sekunda alifanya kazi barazani mchana ule, waya ukipita dirishani. Alichukua nakala ya kila shuka kwanza, hata la kukunjwa, kwa sababu kujiamini si kukosa adabu. Akakunja la Sigfridi na la Lediana yakawa moja. Akaweka kiraka. Mistari ya kuamka ikapanda, na mstari wa Augeni ukatoka mweupe kama wa wenzake.

Lakini shuka la hewani nalo lilikuwa zuri mchana kutwa. Kiunzi kilichopona ni kile kilicholala na kuamka bila kusahau, kwa hiyo Sekunda alikiacha kwa Augeni kikatembezwa hadi jioni, kikazimwa, na asubuhi alirudi kujionea. Augeni alikiwasha mbele yake, akasimama, akangoja hatua ndefu za kushoto na kulia zimburute. Hazikuja. Zilikuja zake, fupi fupi, za haraka, zenye kusitasita kidogo kama za mtu aliyehamia nyumba mpya. Alishuka ngazi, akamtazama Sekunda, macho yakamjaa.

"Kinanijua," alisema.

"Kinakujua. Twende mteremkoni nikuone."

Njia ilipita mbele ya baraza la Onolina. Leo hakuwa ameketi akitazama njia. Alikuwa ameinamia jiko la mkaa, amewapa mgongo, anakoroga uji. Hatua zilipokaribia aliacha kukoroga, akasikiliza, bila kugeuka.

"Nani anapita?" aliuliza.

"Ni mimi, mama mdogo. Augeni."

Onolina aligeuka polepole na mwiko mkononi. Alitazama miguu, kisha akainua macho hadi usoni pa kijana, akakaa akimtazama.

"Sikukujua," alisema. "Njoo unywe uji, nikuzoee."